Miche ya Mti wa Ngoma

Mimi si mvivu, na hilo ndilo lililoniponza.

Mwaka wa pili baada ya kurudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikuwa namtaka Jovina wa Itaba. Mama yake, Emerensiana, hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Nikaona nimlainishe kwa kazi. Asubuhi moja nikapalilia kipande chake cha nyuma ya nyumba, nikang'oa kila kilichosimama, majani nikawatupia mbuzi. Nikaegemea jembe nikingoja sifa.

Alitoka, akatazama, akakaa chini.

"Kasiano, umeng'oa umuvugangoma."

Huo ndio mti wa kuchongea ngoma. Mlimani kwetu ulibaki mmoja tu, nao upepo uliuangusha. Emerensiana aliokota mbegu zake za mwisho, akazilea miezi minane. Mimi mtoto wa kambini nilijua mikaratusi basi. Na mbuzi walikuwa wameshaimaliza miche.

"Binti yangu simpi mtu asiyejua anachokata," akasema. Jovina hata hakunitazama. Niliumia, nisiseme uongo. Nililia njia nzima.

Sokoni nikasikia kwamba Gasorwe, kule Muyinga, uko mmoja uani kwa Kadidja, mama wa Kiislamu anayesuka mikeka. Nikaenda. Nikamkuta anafagia chini ya mti wenyewe, na takataka zake zimejaa miche!

"Iko hii unatafuta?" akacheka. "Mi kila siku naitupaka! Beba yote, mtoto wangu. Lakini kwanza shika ufagio, umalize."

Nilifagia kwa furaha. Miche thelathini nikaifunga na udongo wake ndani ya magome ya mgomba.

Emerensiana aliikagua mmoja mmoja.

"Mpaka mti huu utoe ngoma ni miaka mingi," akasema. "Ninyi mliozoea kukimbia, nani atakaa kuungoja?"

Nguo zangu zilikuwa bado ndani ya begi, nyuma ya mlango, tangu siku niliyorudi.

"Naogopa, mama," nikasema. "Lakini nimechoka kuishi nimefungasha."

Akanisogezea jembe.

"Chimba mashimo. Jumapili wazee wako waje na pombe ya posa."

Ndani ya nyumba Jovina akapiga vigelegele. Nilichimba mashimo thelathini, na jioni nikarudi kwangu, nikapigilia misumari ukutani, nikatundika nguo zote.