Jina Lililokua Pamoja na Boga

Kwa jina lake Yeye aipasuaye mbegu gizani pasipo jicho la mtu kuona, akaitoa ikiwa hai. Sifa njema ni zake, na rehema zimshukie Mtume wake na kila aliyemfuata kwa wema. Kwa idhini yake tunaanza, na kwake tunajikinga na mikono ya wenye dhuluma.

Kwanza watu, kisha boga.

Mzee Kullow aliuza mbuzi na ngamia mjini Nanyuki hadi magoti yalipomkatalia safari za malisho. Mkewe Khadijo, Mola amrehemu, ndiye aliyekuwa mkulima wa nyumba ile. Nyuma ya nyumba palikuwa na zizi la zamani, udongo wake mweusi kwa samadi ya miaka mingi, na humo Khadijo alipanda maboga kwa mbegu alizozinunua soko la Kiriaini. Wanawake wa sokoni walimcheka bila kujificha: mke wa mtu wa ngamia ana habari gani na jembe? Yeye alikuwa akiwapelekea vipande vya boga lililoiva. Alitamani jambo moja tu, boga lake liwekwe juu ya meza kwenye maonyesho ya kilimo ya mji, na watu waambiwe kwamba ni la Khadijo. Mauti yakamtangulia kabla ya mvua za masika.

Ng'ambo ya ua aliishi Wachuka, mama yake Njoki, mjane na mshirika wa kanisa, ambaye Khadijo alimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Waliobaki ni Gikonyo, mwalimu mstaafu na mwamuzi wa maonyesho. Munene, mwenye hoteli kubwa barabarani. Na Ben, msimamizi wa shamba la Munene. Hao ndio wote.

Baada ya maziko, Kullow alikuta mbegu za marehemu zimefungwa ndani ya kitambaa. Akaweka nadhiri. Atazipanda, boga litakalozidi yote atalipeleka maonyeshoni kwa niaba ya mkewe, kisha litapikwa na kuliwa na majirani, iwe ni sadaka yake. Nadhiri ni deni kwa Mola, na mzee huyu hakuwa mtu wa kulalia deni la namna hiyo.

Wachuka ndiye aliyemfundisha. Alfajiri walichuma ua dume na kuligusisha ua jike, wakifanya kazi ya nyuki ambao baridi ya mlima huwachelewesha. Wakakata vitunda vyote mmea usibaki ila na kimoja. Wakakilaza juu ya ubao na nyasi kavu ili kisioze, na usiku kikafunikwa magunia kwa kuhofia jalidi. Majani ya matawi ya pembeni Wachuka aliyachuma kwa mukimo, mseto wa viazi na mboga, nayo ya tawi lenye boga hakuyagusa.

Boga lilipokuwa kama ngumi, Kullow alitwaa mwiba wa mgunga akakwaruza juu ya ganda jina la Khadijo, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni utotoni.

"Unaliumiza bure," Wachuka alimwambia.

"Litapona, Mama Njoki. Na kovu litakua nalo."

Na ndivyo ilivyokuwa. Boga lilivimba likawa kama mtungi, kisha likaupita mtungi, likafika mahali ambapo watu wawili hawakuweza kulikumbatia. Jina nalo lilitanuka, likawa jeupe na lenye kuinuka, hata kipofu angalilisoma kwa vidole.

Siku ya maonyesho ilikuwa Ijumaa. Walilipeleka asubuhi kwa mkokoteni, boga limelazwa juu ya godoro kuukuu. Karani akampa Kullow kadi aandike jina la mkulima. Mzee akaiweka kadi juu ya boga ikiwa tupu.

"Si uandike," Wachuka alisema.

"Nikiandika langu, nitakuwa nimejisifu kwa kazi ya Mola. Na la mwenyewe limo tayari."

"Hao hawasomi hiyo maandishi yako, Mzee."

"Wataniuliza, nami nitawaambia."

Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, nalo lilitoka katika hofu ya riya. Akaenda kuswali Ijumaa, na Wachuka akaenda kuitazama biashara yake ya ndizi.

Aliporudi, meza alipoliacha ilikuwa na nyanya za mtu mwingine. Alilikuta boga chini ya hema la hoteli, limezungushiwa maua, limepigwa utepe mwekundu wa mshindi. Kadi ilikuwa na jina la Munene. Nalo boga lilikuwa limepinduliwa, na ule upande wenye jina la Khadijo ulikuwa umekandamizwa juu ya mbao zenye matope ya viatu.

Kullow angaliweza kuvumilia wizi. Mbuzi wake waliibwa mara nyingi na akasamehe. Lakini mwanamke aliyechekwa miaka yote kwa kushika jembe, leo jembe lake limeshinda, wakamlaza kifudifudi ili mtu mwingine asimame juu yake.

"Nani aliyelileta hapa?" aliuliza.

Ben alikuwa akipanga karoti. "Mzee, hii ni ya mdosi."

"Ni ya marehemu mke wangu."

"Wewe si ni mtu wa mbuzi?" Ben alicheka kidogo. "Wewe na malenge wapi na wapi?"

Kullow alimtuma mpita njia amwite Wachuka, naye akaenda mwenyewe kumtafuta Gikonyo. Mwamuzi akaja, miwani imemshuka puani, na Munene nyuma yake akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Mzee wangu," Gikonyo alisema kwa upole, "kadi ndiyo sheria yetu. Kadi inasema Munene."

"Niliiacha kadi tupu kwa kumwogopa Mola. Sikuiacha tupu ili ajaze mwizi."

"Chunga mdomo," Munene alisema. "Hapa watu wananijua."

"Basi waache wakujue zaidi. Lipindueni."

Hakuna aliyesogea. Ndipo Wachuka alipofika, amekunja mikono ya sweta, vichana vya ndizi bado vinaning'inia begani. Alitazama utepe, akatazama kadi.

"Nilikwambia uandike," alimwambia Kullow. "Ukasema ati ni kujionyesha. Haya, ona sasa." Kisha akamgeukia Ben. "Na wewe mtoto wa watu, shika upande huo tuinue. Ama mpaka nimwite mama yako?"

Ben akashika. Boga likageuka, na jina likatazama juu, limechafuka kwa matope. Wachuka alilipangusa kwa ncha ya leso yake.

"Hii ni nini, Bwana Munene?" Kullow aliuliza.

Munene aliinama kidogo. "Ni ukungu. Mwaka huu ukungu ulitusumbua sana."

"Ukungu wako umesoma. Umeanzia kulia, ukaweka nukta juu ya herufi ya kwanza, ukafuatanisha herufi mpaka mwisho. Uliusomesha chuo gani?"

Watu waliokuwa wamesimama pembeni walicheka, na Munene akaweka kikombe mezani.

"Mimi nilikuwa hapo akiandika na mwiba," Wachuka alisema. "Ikiwa ndogo hivi. Hii malenge iko na jina ya Khadijo. Majani yake nimekula."

Gikonyo alivua miwani. "Munene, ulipanda mbegu gani?"

"Hayo mambo anajua kijana."

"Ben?"

Ben alitazama karoti zake. "Mimi niliambiwa nijaze meza, Mwalimu. Nilikuta imekaa tu, haina jina. Nikaona hayo madoa, nikadhani ni ugonjwa, nikaificha chini."

Munene hakuomba radhi; alisema ana wageni wanaomngoja, akaondoka, na mtu mmoja akamfungulia njia kama kwamba hapakutokea lolote. Kullow alimfuata kwa macho mpaka akatoweka. Walio wakubwa huondoka hivyo, na aibu huwaachia watumishi wao waibebe.

Gikonyo aliuchomoa utepe, akautia mfukoni. "Siwezi kumpa yeye, maana si lake. Na wewe, Mzee, ulileta kadi tupu. Kanuni hainiruhusu."

"Basi kalamu unayo. Andika Khadijo."

"Marehemu hashindani, Mzee wangu."

"Hashindani," Kullow alisema, "lakini huibiwa. Kanuni yenu ililala alipoibiwa. Imeamka sasa anapodai haki yake."

Mwalimu aliinamisha kichwa, wala hakuandika. Mwaka ule zawadi ya boga haikupewa mtu.

Walilirudisha kwa mkokoteni, na Ben, bila kuombwa, akasukuma nyuma kwenye kilima. Njiani watu waliuliza ni boga la nani. Kila aliyeuliza, Kullow alisimama akamjibu kwa sauti ya kusikika na wa mbali: "Ni la Khadijo, mke wangu. Alilima mwenyewe udongo uliolikuza." Magoti yalimuuma, hata hivyo hakumpita hata mmoja.

Nyumbani alilitaja jina la Mola, akachukua kisu, akakata kwanza kulizunguka jina, akakitoa kipande kile kizima. Hakutaka ganda lile liende kwa mbuzi. Alilikwangua nyama, akalianika ukutani lilikoelekea jua. Lililobaki lilijaza sufuria za Wachuka, za jirani wa Wachuka, na sufuria kubwa iliyoazimwa msikitini. Watu wa kanisa wakala, watu wa msikiti wakala, na baadhi ya wanawake waliomcheka Khadijo sokoni walileta sahani zao wakiwa wameinamisha macho. Kullow aliwapakulia. Hakuwaambia kwamba ya zamani yamekwisha, kwa kuwa moyoni mwake yalikuwa hayajaisha. Aliwapakulia kwa sababu nadhiri haikumbagua mtu.

Wachuka alikuwa akiosha mbegu na kuzitandaza kwenye ungo. Alifumbata konzi moja. "Hizi ni zangu."

"Ni zako."

"Na mwakani utaandika kadi?"

"Nitaandika," alisema Kullow, uso bado umekunjamana. "Nitaandika mpaka wino wao uishe."

Ewe Mola Mlezi, mrehemu Khadijo, na uipokee sadaka iliyokuwa imekwisha kuibwa ikarudi. Wabariki waliobaki: mzee na hasira yake ya haki, isije ikageuka kuwa chuki, jirani yake na mikono yake, kijana aliyesukuma mkokoteni, na mwalimu ambaye kalamu yake ilimshinda uzito. Wape mvua kwa wakati wake, na uwape watu watakaoyasoma majina yao kabla ya kuyapindua. Amina.