Kilele Alichoondoka Nacho Alfons

Huku kwetu Swabia, kusini mwa Ujerumani, Krismasi ikishapita tunazungukiana nyumba kwa nyumba kusifu miti iliyopambwa. Ukiingia unasema "Mti mzuri!", hata kama umepinda kama mguu wa kuku, na mwenye nyumba lazima akumiminie gongo ya mapeasi. Mdogo wangu Alfons haruki mlango hata mmoja, isipokuwa wangu. Mwaka wa pili huu, tangu matanga ya mama, aliposema mbele za watu kwamba saladi yangu ya viazi ni kavu. Kavu! Nikamwambia akale kwake. Akaenda kweli, na hakurudi.

Mimi ndiye dada mtu, kwa hiyo kumwomba siombi ng'o. Lakini nilimkosa, tena sana. Nikaapa mwaka huu nitanunua mti ambao hata yeye na kiburi chake hataweza kuupita.

Kwa Hiltrud muuza miti nilikagua misonobari mpaka mume wangu akachoka.

"Burga, mti ni mti. Chukua huo twende, miguu inaganda."

"Ganda kimya, Gebhard."

Nikaupata nyuma ya trekta, umenyooka, matawi yamejaa pande zote. Nikakamata shina. Kumbe kileleni pameshikwa na mkono mwingine. Alfons!

"Gebhard," nikasema, "mwambie huyo bwana mti una mwenyewe."

"Shemeji," Alfons akasema, "mwambie mkeo nimeushika mimi kwanza."

"Jamani, si mnasikiana?"

"Nyamaza!" tukamjibu kwa pamoja.

Nikavuta. Akavuta. Kraa! Nikajikuta nimekaa kwenye theluji nimeukumbatia mti, na Alfons amebaki na kilele mkononi.

"Nyie watoto wa Agathe hamkui!" Hiltrud akafoka. "Mmeuvunja, mtaununua!"

Nikalipa mimi. Alfons akaondoka na kile kipande kama mwizi wa kuku.

Nyumbani tukausimamisha hivyo hivyo bila kichwa, nyota haina pa kukaa. Nikalia. Gebhard akadhani naulilia mti.

Siku ya pili ya Krismasi majirani wakaja, wakaukodolea macho, wakasema "Mti mzuri!" huku wakibana vicheko, wakanywa. Kisha hodi nyingine. Alfons huyo, kofia mkononi. Akautazama mti kutoka chini hadi pale ulipokatikia. Hata Gebhard akaacha kutafuna.

"Mti mzuri, dada," akasema.

Nikammiminia mpaka ikamwagika mezani. Akainywa kwa mkupuo mmoja, akafuta mdomo.

"Na wewe kesho uje kwangu uusifu wa kwangu. Mfupi, lakini upo. Nimeuweka kwenye jagi la mama."

Nikamsogezea bakuli la saladi. Akaonja, akatafuna polepole, akanitazama.

"Haya, sema," nikamwambia.

"Bado kavu," akasema, akajipakulia tena.