Nyumba ya Mtoto wa Ziwa

Mzazi akizeeka, watoto hupata ghafla mapenzi ya makaratasi. Bi Wahiba alikuwa na wana wawili, Abdulsamad na Talha, wote wakaazi wa Goba, na kwa miaka mingi walifika kwake Mbagala siku ya Idi tu, tena baada ya kupigiwa simu mara tatu. Mwaka huu wakaanza kuja kila Jumapili na matunda. Bi Wahiba akala matunda, akasubiri.

Hakusubiri sana. Jumapili ya nne Abdulsamad, yule mkubwa, akatoa karatasi. Akasema umri umekwenda, miaka sabini na sita si mchezo, mama aweke dole gumba hapa chini ili wanawe wamsaidie mambo ya nyumba. Walimzoea akisoma msahafu tu, wakasahau kwamba alihitimu ngumbaru, kisomo cha watu wazima, akiwa na mimba ya Talha. Walipokwenda kuswali adhuhuri akavaa miwani, akaisoma yote. Mstari wa tatu ulimpa Abdulsamad mamlaka ya kuuza.

Kuuza nini, jamani? Mumewe marehemu aliacha duka na viwanja vya Goba, mirathi ikagawanywa kwa haki, na wanawe wakachukua mafungu yao wakajenga. Nyumba hii ya Mbagala hakuachiwa na mtu. Aliinunua mwenyewe kwa halua aliyoipika miaka ishirini, na leseni ya makazi ina jina lake peke yake.

Humo ndani aliishi na Rumaisa. Mama yake Rumaisa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alifariki siku ya kumzaa, na Bi Wahiba, ambaye wakati huo alikuwa akimnyonyesha Talha, akamchukua kichanga akampa ziwa la pili. Rumaisa ndiye aliyemwogesha alipovunjika nyonga, miezi saba, huku kaka zake wakituma salamu. Lakini mirathi haina fungu la mtoto wa ziwa. Ziwa linaharamisha ndoa, halirithishi nyumba. Siku Bi Wahiba akifumba macho, Rumaisa angetolewa na begi lake mlangoni. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, kufa kwenyewe hakukumsumbua.

Akaenda kumuuliza Sheikh Marijani. Sheikh akamwambia wasia hauvuki theluthi ya mali, na yeye mali yake ni hiyo nyumba moja. Njia iliyobaki ni hiba: zawadi ya mtu aliye hai, mwenye afya na akili zake. Ila anayepewa lazima akubali, na mtoaji lazima akabidhi kweli, aondoe vyake. Ukimpa mtu nyumba halafu ukaendelea kujilalia chumbani na funguo kiunoni, umetoa maneno tu.

Bi Wahiba akarudi akawapigia wanawe, akawaambia waje, yuko tayari kumaliza. Abdulsamad akataka mambo yafungwe barabara, asije mtu kesho akadai bibi kizee hakujua alitendalo. Akampeleka kwa daktari, ikaandikwa barua kwamba akili zake ni timamu. Akamwalika Sheikh Marijani, akamwalika Mama Auleria, mjumbe wa mtaa, na majirani wanne wawe mashahidi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila Abdulsamad hakuwa mtu wa methali.

Jumapili hiyo sebule ilijaa. Mama Auleria akasoma barua ya daktari. Abdulsamad akasogeza wino, mama yake akausukuma kando, akamwomba mjumbe arudie pale penye akili timamu. Akarudia.

"Mmesikia wote," akasema Bi Wahiba. "Basi mie nampa Rumaisa nyumba hii leo, ningali hai. Ni hiba, si urithi."

Talha akacheka, akidhani ni utani. Abdulsamad akasema mama amechanganyikiwa, na Mama Auleria akamnyooshea barua ya daktari aliyoitafuta mwenyewe. Ndipo Abdulsamad akakimbilia dini: hiba gani hiyo, na kitanda cha mtoaji kimo chumbani? Sheikh akakiri kwamba hapo kijana amesema kweli. Abdulsamad akatabasamu.

Tabasamu halikudumu. Tangu alfajiri Bi Wahiba alikuwa amekwisha kufunga masanduku. Majirani wakabeba kitanda, godoro, msala, sufuria zake za halua, mpaka kandambili za msalani, vyote vikapangwa barazani na mtaa mzima ukichungulia. Nyonga ilimuuma na hakukubali kushikwa mkono. Hakuona haya hata kidogo. Alifurahi, tena furaha ya shari. Kisha akamwita Rumaisa, akampa funguo mkononi.

Rumaisa hakufumba kiganja. Akasema hataki kugombana na kaka zake, heri akapange chumba mahali. Hapo Bi Wahiba akaogopa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa zawadi isiyopokelewa ingeanguka chini, na mashahidi wale asingewapata tena.

"Sikukunyonyesha uje uogope watu mlionyonya nao ziwa moja," akamwambia. "Pokea, mwanangu."

Rumaisa akawatazama kaka zake, mmoja baada ya mwingine. "Nimepokea," akasema, akafumba kiganja juu ya funguo. Mama Auleria akaandika, mashahidi wakatia saini.

Bi Wahiba akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake, akasimama barazani kati ya masanduku. Kutoka ndani Abdulsamad akauliza kwa hasira, na mama sasa atalala wapi. Bi Wahiba akageuka. Akagonga mlango aliouweka mwenyewe, akapiga hodi kama mgeni. Kwanza akamsikia Rumaisa akipenga kamasi.

"Karibu, mama."

Akaingia, akavuta kiti, akawageukia wanawe waliokuwa wangali wamejitandaza kwenye kochi.

"Mie nimepiga hodi," akasema. "Nyie mmekaribishwa na nani?"