Vigingi vya Omuramura

Jumatatu asubuhi Rwegoshora wa Kamuli alitoka na panga kupogoa migomba, akakuta hema la zahanati limesogea tena hatua moja ndani ya kibanja chake. Akapima kwa miguu, mara mbili. Hatua moja. Akaendelea kupogoa.

Hema lenyewe ni la aina ya jeshi: turubai la pamba nzito lililopakwa nta, mshono umepigwa mara mbili, kila tundu la kamba lina pete ya shaba, nguzo za chuma. Lililetwa upepo ulipoezua zahanati, likawekwa pembeni mwa kibanja chake kwa miezi mitatu. Huu ni mwaka wa tatu. Wakubwa wakikwambia muda mfupi, wewe hesabu mazishi. Mke wake Auleria alifia humo, akisubiri dawa iliyoandikwa kwamba imeshafika. Akazikwa kibanjani, kwenye migomba ya nyuma.

Siku ya kulisimamisha, vigingi vya chuma havikuonekana. "Vimesahaulika ghalani kule Omurushaka," alisema Mwesiga, mwenyekiti wa kitongoji. Wiki ileile mbuzi wake wote walifungwa kwenye vyuma vipya. Rwegoshora aliona, lakini mvua ilikuwa inakuja na wagonjwa wako nje. Akakata matawi ya omuramura, akachonga vigingi, akavigongomea mwenyewe. Omuramura ndio mti wetu wa mpaka. Ukichomeka kijiti tu, kinashika. Vikashika, vikatoa majani.

Toka hapo kila Jumapili, watu wakiwa kanisani, hema lilisogea hatua moja, na vigingi vikasogea nalo, mizizi na yote. Wagonjwa hawakulalamika. Kitanda kilisogea na mtu wake. Kung'oa hakuwezekani, kung'oa omuramura ni kesi, hata mtoto anajua.

Rwegoshora akaenda kwa mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee," Mwesiga alimwamkia.

"Marahaba. Hema limebakiza hatua nane lifike kwa Auleria."

"Tumeona. Sasa mpaka aliupanda nani? Si wewe, mchana kweupe, kijiji kizima kinakuangalia?"

"Mimi nilipanda vigingi. Vya serikali viko kwa mbuzi wako."

"Basi waulize mbuzi," alisema Mwesiga, na waliokuwa barazani wakacheka kidogo.

Wakaja watu wa wilayani. Walimwaga ndoo ya maji juu ya turubai, halikupenyeza. Walivuta mshono, haukuachia. Wakaandika kuwa hema ni imara, wakala ndizi kwa mwenyekiti, wakaondoka. Habari ya vigingi hawakuuliza.

Jumapili ya nane hema likafika. Kaburi likawa ndani, kati ya mzani wa watoto na kabati la dawa lisilo na dawa. Muuguzi Nikuze alimweleza bila ukali: "Babu, hapa ni zahanati sasa. Chukua kadi, ukae foleni."

Basi kila Alhamisi anakaa kwenye benchi na wenye homa. Akiitwa jina, anaingia. Auleria huwa amekaa juu ya kaburi lake, anakagua mshono kwa ukucha.

"Huu hautaachia," anasema. "Mvua hainipati tena."

"Na dawa?"

"Bado."

Nje, mbuzi wa mwenyekiti wanavuta kamba zao. Vyuma havitikisiki.