Dawa ya Tangi la Nne

Siku walipopigilia kibao cha "Mkuu wa Maabara" kwenye mlango wa mpwa wangu, mimi ndiye niliyeshika misumari. Nilimpa seremala mmoja mmoja huku nikitabasamu, na kila nyundo ilipotua niliisikia kifuani. Miaka kumi na tisa nimekaa katika bohari ile ya mafuta. Kila asubuhi niliupita mlango ule nikijiambia, huu wako, subira tu, subira huvuta heri. Kumbe heri ilikuwa ikivutwa kwa mtoto wa dada yangu.

Tena mimi ndiye niliyemleta! Dada alikuja nyumbani akasema, "Kaka, huyu binti ana cheti cha kemia na amekaa tu. Mshike mkono." Nikamshika. Nilimfundisha mwaka mzima kwamba dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta hujitokeza, mafuta huingia ukungu, halafu huganda kama uji uliolala, na chujio la injini likaziba. Nikamwonyesha dawa tunayotia ili chembe za nta zibaki ndogo, zipite kwenye chujio. Na nikamkazia lililo kubwa kuliko yote: dawa hutiwa mafuta yakiwa bado na joto. Ukungu ukishaingia, hata umwage mapipa kumi, unatwanga maji kwenye kinu.

Mtindo wangu wa kufundisha ulikuwa mmoja. Akikosea, namfokea. Akipatia, nanyamaza. Kumsifu sikumsifu hata mara moja, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi akazoea kuniangalia usoni kabla ya kila jambo, na akiona nimenyamaza anaendelea. Vibarua walitucheka, wakasema tunazungumza kwa nyusi.

Jioni ya siku ile ya kibao, mke wangu, ambaye mdomo wake hauna kizuizi, aliniangalia nikila.

"Unatafuna kama unamtafuna mtu," akasema. "Wivu huo."

"Wivu wa nini? Yule si mwanangu?"

"Haya, basi furahi tukuone."

Nikashindwa. Ndiyo, nilimwonea wivu, tena wivu wa kuninyima usingizi. Roho iliniuma meneja alipomwita "mtaalamu" na mimi akaniita "mzee wetu". Hata kiti chake kile cha kuzunguka kilinitia kijicho, na mimi kizunguzungu sikiwezi.

Siku wivu huo uliponiponza ilikuwa Jumatano. Dizeli mpya ilikuwa imeletwa na treni usiku kucha katika baridi, ikamiminwa tangi la nne. Alfajiri nilipanda juu ya tangi, nikateremsha kipimajoto kwa kamba hadi tumboni mwake. Nyuzi mbili. Mafuta yale huanza ukungu nyuzi nne. Nikaandika kwenye karatasi, nikaitia mfukoni, nikashuka kwenda kumwambia asubiri mpaka mafuta yapashwe moto.

Nilimkuta chini ya tangi na vibarua, mapipa ya dawa yamefunguliwa. Alikuwa akisoma kipimo cha ukutani mwa tangi, ambacho jua la asubuhi lilikuwa limekipiga, nacho kikasema nyuzi kumi na moja. Pembeni yake meneja alikuwa na wageni kutoka makao makuu. "Huyu binti," akawaambia, "ndiye aliyeigeuza maabara yetu. Kabla yake tulikuwa tunabahatisha."

Tulikuwa tunabahatisha! Miaka kumi na tisa!

Mpwa wangu akageuka. "Mjomba, kinasema kumi na moja. Tutie?"

Karatasi ilikuwa mfukoni, vidole vyangu vikiigusa. Nilimtazama machoni. Nikanyamaza.

Akatabasamu, akawaambia vibarua, "Tieni."

Nilitaka nini? Nilitaka akosee mara moja tu, mbele ya watu. Sampuli ya mchana ingeonyesha kosa, mafuta yangezuiwa getini, naye angeona haya kidogo. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Nikajifungia maabara, nikaitumbukiza sampuli kwenye mtambo wa kupozea, na kila joto liliposhuka nyuzi tatu niliitoa nikailaza chupa ubavu. Kufikia nyuzi tisa chini ya sifuri, mafuta yalikuwa yameganda, hayakutikisika. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikaikumbatia chupa ile nikaelekea kwa meneja.

Uwanjani nikaona nafasi tatu za malori ziko tupu.

"Malori yako wapi?" nikamuuliza mlinzi.

"Yameondoka tangu saa nne, mzee. Meneja hakutaka kungoja vipimo, wateja wa kule juu mlimani wameishiwa. Wamejaza mafuta ya tangi la nne, mzigo na injini. Saa hizi Breki anapanda mlima."

Breki ni dereva, rafiki yangu wa miaka yote, aliyeitwa hivyo kwa kuogopa mwendo. Kule juu baridi hufika nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Injini ikizima, hakuna joto ndani ya gari. Sikwenda kwa meneja. Nilisukuma mlango wenye kibao bila kubisha.

"Wapigie madereva," nikasema. "Wasimame. Dawa haikushika."

Hakuuliza kitu. Alipiga simu. Malori mawili yalikuwa bado kwenye kizuizi chini ya mlima, yakasimamishwa. Simu ya Breki iliita bila kupokelewa. Gari la kuondoa theluji barabarani lilimkuta saa kumi, amejikunyata ndani ya lori lililozima, hawezi hata kusema jina lake. Alilazwa wiki nzima, na vidole viwili vya mguu vikakatwa.

Tuliposikia kwamba yu hai, ndipo mpwa wangu alipoweka simu chini.

"Ulipima lini, Mjomba?"

"Alfajiri."

"Kabla hatujatia?"

"Kabla."

"Nilikuuliza."

"Najua."

Nilitaka anifokee kama nilivyozoea kumfokea. Hakufoka. Alivuta karatasi akaandika ripoti yake, nami nikaisoma nikiwa nimesimama: nilisoma kipimo cha ukutani, sikupima tumboni mwa tangi, kosa ni langu.

"Niandike na mimi," nikasema.

"Nikuandike umefanya nini?" akajibu bila kuinua kichwa. "Hukusema kitu."

Alipewa barua ya onyo. Mimi meneja alinishukuru kwa kuwahi kugundua, mbele ya watu wote, na nilitamani ardhi inimeze.

Wiki iliyofuata treni ilileta mafuta mengine. Nilipanda mapema, nikapima mara tatu, nikashuka. Nilimkuta chini ya tangi, mapipa tayari. Sikungoja aniangalie.

"Nyuzi kumi na nne tumboni," nikasema kwa sauti. "Nimepima mara tatu. Ni sawa, mama, endelea. Kazi yako nzuri."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsifu. "Ahsante, Mjomba," akasema kwa adabu. Kisha akavaa glovu zake, akachukua kipimajoto na kamba, akamwita kibarua mmoja amshikie ngazi, akapanda kupima mwenyewe.

Nilibaki pale nikimtazama kibarua yule alivyoishika ngazi kwa mikono miwili, na mpwa wangu huko juu hakugeuka hata mara moja kuangalia chini kama imeshikwa. Nilimwonea wivu kibarua yule.