Kijiji Kisicho na Ardhi

Bahari iliingia kijiji cha Bulusari bila kubisha hodi, ikakaa vyumbani kama mgeni asiyeulizwa ataondoka lini. Maji ya kimya, maji yasiyo na wimbi, mpaka pwani yote ile ya Java ikasahau kwamba pale paliwahi kuota mpunga.

Watu walipandisha sakafu ya msikiti, wakaipandisha tena, na tena, hata sasa waliswali wameinama kabla ya rukuu. Humo, adhuhuri moja, walikutana na afisa wa wilaya. Alikuja kulifuta jina la kijiji, wasichague tena mkuu wao.

Wening alikuwa amerudi kutoka Semarang, anakofundisha chuoni falsafa ya siasa: nani amtawale nani, na kwa idhini ya nani. Shangazi yake Rukinah ndiye aliyempigia simu. "Njoo, mwanangu. Hayo maneno uliyosomea yana kazi huku."

"Hakuna ardhi, hakuna kijiji," alisema afisa, shingo kaikunja chini ya dari. "Mtachagua mkuu wa nini? Wa kamba na kaa?"

Wening akasimama, nusu ya kusimama. "Kijiji si udongo, Bwana. Udongo haujawahi kumzika mtu; watu huzikana. Kijiji ni ahadi: nikianguka utaniinua, na kabla hujaamua kwa niaba yangu utaniuliza. Ardhi imekwenda na bahari. Ahadi je, imekwenda na nani?"

"Ahadi haionekani kwenye ramani, Mwalimu."

"Basi isikie." Akawageukia watu. "Aliye bado katika ahadi, aitike."

"Tupo!"

Kisha, chini ya sakafu, chini ya sakafu iliyo chini ya sakafu, upande wa makaburi yaliyozama, sauti nyingi zikaitika taratibu, kama za watu wenye mchanga mdomoni: "Tupo."

Hakuna aliyekimbia. Afisa alivaa viatu, cha kulia kushoto, akapanda mtumbwi wake bila kufuta kitu.

Ndipo ikaja sauti moja iliyochelewa. Wening akaijua. Mama yake, hata alipokuwa hai, alikuwa wa mwisho kufika kila mkutano. "Tupo."

Shangazi Rukinah akamshika mkono. "Wote wameitika, mwanangu. Bado wewe."

Miaka yote alifundisha idhini. Hakuna aliyewahi kumwomba yake. Maji yakapenya ufa wa sakafu, yakamfika vidoleni, vuguvugu, yakatulia, yakamngoja kwa adabu.

"Nipo," akasema, na chumvi ikamjaa kinywani.