Dhahabu Ndani ya Gari la Baba Mkwe

…rangi ya dhahabu kabisa! Ile ile ya kupaka mageti! Ndani ya gari la baba mkwe!

Mpakaji mwenyewe ni mkwe wao, ambaye ukoo mzima humwita Injinia, na msidhani wanamsifu. Cheo alikipata siku alipoitengeneza pasi ya mama mkwe, na tangu siku hiyo pasi inapasha moto soketi, nguo hazina habari. Bingwa huyo ndiye aliyeachiwa gari mzee aliposafiri. "Halijaguswa tangu litoke kiwandani," mzee alimwambia. "Nikilikuta nilivyoliacha, ufunguo unabaki kwako mpaka mtoto azaliwe."

Mkewe alikuwa na mimba ya wakati wowote, na hospitali haikuwa ya kwenda kwa miguu. Mwenye akili angelifunika gari kwa turubai akaenda kulala. Injinia akaona plastiki nyeusi za dashibodi zimepauka, huruma ikamshika.

Sasa mzee kapiga simu: yuko njiani.

Mkewe alivuta kigoda hadi kwenye mlango wa gari, akatazama ndani.

"Hili gari au kiti cha enzi?"

"Inatoka hii. Nina tina ya kuchanganyia rangi."

Tina iliitoa rangi, hilo tusimnyime. Karibu na redio ikataka kutoka na plastiki yenyewe. Ililainika, ikanata, na Injinia alipobonyeza kuona kama imeharibika, akaacha alama ya kidole gumba, mistari yote.

"Umesaini kabisa," mkewe akasema. "Mzee hatahangaika kumtafuta mhalifu."

"Mke wangu, badala ya kunicheka…"

"Kukucheka nitaendelea. Chukua spiriti ile ya kusafishia vidonda, na mswaki wa zamani. Na uanzie chini huko, pasipoonekana. Hata doa la nguo watu hujaribu kwenye pindo kwanza, Injinia."

Akajaribu chini. Akalowesha, akasubiri, akasugua taratibu. Dhahabu ikajikunja kama ngozi ya maziwa, ikabanduka. Alifurahi kiasi cha kuanza kupiga mluzi. Mluzi ukakatika: kitambaa kilikuwa cheusi. Nyeusi ya mzee nayo ilikuwa inabanduka, na chini yake kulikuwa na plastiki ya kahawia.

"Kiwanda gani kinapaka nyeusi kwa brashi?" mkewe akauliza. "Ona, mpaka unywele wa brashi umegandia."

Wakasugua wote wawili. Pembeni mwa alama ya Injinia ikajitokeza nyingine, ngumu, ya siku nyingi. Injinia akaingiza gumba lake, likaogelea.

Geti likalia. Mzee akaingia na begi mkononi.

"Shikamoo, baba."

Mzee akasogea hadi kwenye gari. Alikitazama kile kitambaa.

"Nani kakwambia utoe nyeusi?"

"Kumbe unajua ilipakwa, baba?" binti yake akauliza, kwa upole wa kutisha. "Si halijaguswa?"

Mzee akatua begi. Akainama ndani ya gari, akaweka gumba lake kwenye lile shimo la zamani. Lilienea kama kifuniko kwenye chupa yake.

"Mimi nilitumia petroli," akasema chini chini. "Gari lilikuwa la babu yako, baba yake mama yako. Aliniachia siku mbili tu. Nikapaka rangi ya fedha, kisha hiyo nyeusi ya kuficha." Akamgeukia mkwewe. "Ya dhahabu hata mimi sikuthubutu."

Akautia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa akiba, akamwekea Injinia kiganjani uungane na ule aliomwachia.

"Nenda kalete nyeusi. Isiyong'aa. Na mke wako akishikwa na uchungu usiku, usiniamshe kuniomba ruhusa, washa gari."

"Na babu alisemaje alipoona?" binti akang'ang'ania.

Mlango wa nyumba ukafunguka, sauti ya mama mkwe ikauliza nani huyo anayenuka tina. Mzee akaivuta turubai upesi juu ya kioo.

"Mama yako hajui mpaka leo," akanong'ona. "Kesho akienda sokoni, njooni hapa wote wawili, niwamalizie kisa."